Chuma Hutoka Wapi?

Mwanzoni mwa kiangazi mjukuu wangu alirudi kutoka shambani amebeba kiroba begani. Alikitua uani, akapangusa jasho, akaniambia, "Shikamoo babu. Leo nimeokota chuma." Kijana huyu ni fundi wa kuchomelea hapa Tunduma. Hutengeneza mageti, madirisha na mabodi ya matela, na kila kipande cha chuma akionacho njiani kwake ni fedha. Akafungua kiroba. Ndani mlikuwa na mawe meusi, mazito, yenye matundu na mikunjo kama uji uliomwagika ukagandia hapo hapo. Alikuwa amekwisha kuyapitisha kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kando ya barabara kuu, naye yule mnunuzi aliyatazama tu, akacheka, akamwambia akayatupe.

"Hicho si chuma, mjukuu wangu," nilimwambia. "Hayo ni mavi ya chuma."

Akacheka naye. Nilitaka kucheka pamoja naye, nikashindwa. Kicheko hicho nilikwisha kukisikia zamani, na mara ile aliyeanza kukosea nilikuwa mimi. Ndugu msomaji, niruhusu nieleze habari hiyo kwanza, maana bila hiyo maneno mengine yote ya insha hii yatakuwa ya kubabaisha.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana wa miaka 25 katika shule ya msingi ya kijiji kimoja huko Mbozi. Nilifundisha darasa la tano. Siku moja, katika somo la maarifa, niliuliza, "Chuma hutoka wapi?" Mikono ikainuka. Mmoja akasema hutoka dukani. Mwingine akasema hutoka kwa Wachina, wala hakuwa na kosa kubwa, kwa sababu mnamo Agosti 1973 reli ya Uhuru ilikuwa imefika mpakani Tunduma, na watoto walikuwa wameona kwa macho yao vyuma virefu vikilazwa juu ya mataruma. Ndipo binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema, akasimama na kujibu, "Mwalimu, chuma hutoka kwenye udongo. Babu alikuwa anakipika."

Darasa zima likaangua kicheko kwa sababu ya neno hilo "anakipika". Nami, badala ya kuwanyamazisha, nikacheka pamoja nao. Kisha nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: Chuma hutoka viwandani, Ulaya na China. Wanafunzi wakanakili.

Kesho yake asubuhi mzee mmoja alifika ofisini na fimbo yake. Nilisimama kwa adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Nimesikia unatafuta mahali chuma kinakotoka." Akatoa ndani ya koti lake jiwe jeusi lenye matundu, akaliweka mezani juu ya madaftari. "Ukipata nafasi uje nyumbani, nikuonyeshe."

"Nitakuja, babu," nilimjibu.

Sikwenda. Msimu wa kulima ulikuja, ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, madarasa yakafurika watoto. Kila wiki nilisema nitakwenda wiki ijayo. Mzee yule alifariki mwaka 1977. Jiwe lake tulilitumia kuzuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo, hata siku moja mtu akalitupa.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba moja mjini Mbeya, ilinipitia mkononi makala iliyoandikwa na Beverly Brock na P. W. G. Brock kuhusu ufuaji wa chuma miongoni mwa Wanyiha. Ilichapishwa mwaka 1965. Nilihesabu kwa vidole, wala haikuhitaji hesabu ngumu. Wageni walikuwa wamekwisha kukiandika na kukichapa kitu ambacho mimi, Mnyiha, miaka tisa baadaye, nilikifuta ubaoni mbele ya mjukuu wa mwenye nacho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wazee, mmoja mmoja, na kusoma kila nililoweza kulipata. Nitasimulia kwa kifupi kazi yenyewe ilivyokuwa.

Katika nyanda hizi zilizo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, kwa Wanyiha, kwa Wafipa na kwa jirani zao, chuma kiliyeyushwa katika tanuru refu la udongo, lenye kimo cha kumzidi mtu, hata kufikia mita tatu. Udongo wa kichuguu ulipendwa, kwani hushikana vizuri na kustahimili moto. Chini ya tanuru palitobolewa matundu kuzunguka pande zote, na katika matundu hayo ikapachikwa mirija ya udongo uliochomwa. Ndani yake walipanga mkaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Jambo la ajabu ni kwamba tanuru hilo halikuvukutwa. Urefu wake wenyewe ulivuta upepo kutoka chini kwenda juu, kama bomba la moshi livutavyo, na moto ukawaka usiku na mchana kwa siku kadhaa bila mkono wa mtu. Bonge lililopatikana lilikuwa bado chafu. Lilipelekwa katika tanuru la pili, dogo, ambalo hilo sasa lilivukutwa kwa mivukuto ya ngozi, na ndipo mhunzi akapata chuma cha kufua jembe, shoka, mkuki na kisu. Uchafu uliotengana na chuma ndio huo mavi ya chuma, ambao ulimwagwa kando ukafanya vilima.

Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno. Ilikuwa na fundi mkuu mwenye kujua dawa za tanuru, na miiko yake ilikuwa mikali. Wanaume walioishika walikaa mbali na wake zao hata iishe. Kwa jirani zetu Wafipa tanuru jipya lilipambwa kama bibi arusi na kuimbiwa nyimbo za harusi, kwa kuwa walihesabu kwamba tanuru ni mwanamke na chuma ni mtoto atakayezaliwa. Kwa hiyo mtu akiuliza sanaa ya watu hawa ilikuwa wapi, nitamwambia kwamba haikukaa mahali pake peke yake. Wimbo ulikuwa sehemu ya kazi, na mapambo ya tanuru yalikuwa sehemu ya kazi pia. Fundi asiyeujua wimbo wake alikuwa fundi nusu.

Jembe lililotoka hapo lilikuwa zaidi ya kifaa cha kulimia. Lilitolewa mahari. Lilibadilishwa kwa vitu vya mbali, na kwetu huku kitu cha thamani kilikuwa chumvi. Bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, katika sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Momba, kuna chemchemi za maji ya chumvi za Ivuna. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba huko katika miaka ya 1960 waligundua kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi mahali hapo tangu karne ya 13 hivi. Waliichemsha katika vyungu, kwa kuni. Bonde lilikuwa na chumvi, mlima ulikuwa na chuma, na njia ya miguu ikaunganisha pande hizo mbili.

Basi ni nini kilichoizima mioto hiyo? Wengi hujibu haraka kwamba ni Mzungu. Mimi nimeishi na swali hili kwa muda mrefu, na jibu hilo naliona fupi mno.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya karatasi, na mpaka ukapita katikati ya Wanyamwanga, ukawaacha wengine huku na wengine ng'ambo, kama walivyo hata leo baina ya Tunduma na Nakonde. Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya nyumba. Mwaka 1899 wamisionari wa Moravian walianza kituo Mbozi chini ya Traugott Bachmann, ambaye alijifunza Kinyiha hata akaongoza kazi ya kutafsiri Agano Jipya. Kodi ilitaka sarafu. Jembe la mhunzi halikupokelewa bomani. Vijana wakaondoka kutafuta sarafu, wengine mashambani, wengine katika migodi ya shaba ya ng'ambo, na baadaye katika dhahabu ya Lupa, ambako mgodi wa Saza, ulio katika Wilaya ya Songwe ya sasa, ulifanya kazi hadi katika miaka ya 1950. Nao waliobaki walianza kupanda kahawa. Kazi ya tanuru ilitaka wanaume wengi kwa pamoja, majira yale yale ambayo sasa walikuwa safarini. Kabla ya kukosa soko, tanuru lilikosa mikono.

Kisha likaja jembe la duka. Majembe ya Chillington kutoka Wolverhampton, Uingereza, yenye chapa ya mamba, yalienea katika nchi nyingi za Afrika. Baada ya uhuru tukapata ya kwetu kutoka Ubungo, Dar es Salaam, na katika miaka ya 1980 kutoka kiwanda cha Zana za Kilimo pale Mbeya. Hapa sina budi kusema kweli. Marehemu mama yangu alilima maisha yake yote kwa jembe la duka, na hata siku moja sikumsikia akililia jembe la kale. La kale lilikuwa haba. Nyumba nyingi zilikuwa na moja tu, nalo likachakaa hata likabaki kama kijiko. Jembe la duka lilimpunguzia mama mgongo. Anayetaka kuisifu zamani na akae kwanza siku moja shambani na mwanamke anayelima, ndipo aseme.

Hata katika habari ya misitu sipendi kusema uongo kwa kuwapendelea babu zetu. Mkaa wa tanuru ulitoka katika miti migumu ya miombo, na palipoyeyushwa chuma kwa miaka mingi miti iliisha, mafundi wakahamia mahali pengine. Tofauti iliyokuwepo ni ya kasi. Moto uliwaka majira ya kiangazi peke yake, watu walikuwa wachache, na pori lililoachwa lilipewa muda wa kuchipua. Leo mkaa wa kupikia hauna majira. Kwa sensa ya mwaka 2012 Halmashauri ya Mji wa Tunduma ilikuwa na watu karibu 98,000, na kwa sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 219,000. Nyumba hizo zote zinapika jioni. Magunia ya mkaa huingia mjini juu ya baiskeli, juu ya pikipiki na juu ya malori, mwaka mzima, na pori halipati nafasi ya kuvuta pumzi. Vilima ambavyo nikiwa mtoto vilikuwa na miombo sasa vina kahawa, mahindi na mikaratusi. Kahawa imesomesha watoto wa Mbozi, wangu wakiwamo. Siwezi kuitukana. Lakini mti wa mkaa wa tanuru ulikuwa na jina la Kinyiha ambalo kila mvulana alilijua, na mikaratusi tunaiita tu "miti".

Nimesema kwamba vijana waliondoka. Hawakuondoka mikono mitupu, wala hawakurudi mikono mitupu. Mabaki ya wimbo wa kazi walikwenda nayo, wakarudi na ngoma mpya. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonyesha jinsi ngoma hiyo iliyozaliwa pwani ilivyosafiri na askari na vibarua hata ikafika bara na migodini, na sare zake, vyeo vyake na hatua zake za kijeshi. Nakumbuka wajomba zangu waliorudi kutoka Zambia wakiwa na viatu vya kung'aa, gramafoni na mitindo ya kucheza ambayo wazee waliitazama kwa mashaka. Sisi watoto tuliiona ndiyo dunia yenyewe. Hakuna aliyetukataza kujifunza nyimbo za tanuru. Hakuna aliyetufundisha pia. Wimbo wa kazi kazi ikifa hubaki bila mahali pa kuimbiwa, na usipoimbwa kwa miaka thelathini hauko tena.

Baada ya hapo chuma kilirudi kwetu kwa mlango mwingine. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia mnamo Novemba 1965, Zambia ilibaki imefungiwa, na shaba yake ikatafuta njia ya bahari. Malori yalipita Tunduma katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliiogopa. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilifika Ndola. Mwaka 1970 ujenzi wa reli ulianzishwa, kwa mkopo wa China usio na riba, na mnamo Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa kwa nchi mbili. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama kando ya njia kushangilia. Sikujua kwamba nashangilia chuma cha wengine nikiwa nimesimama juu ya vilima vya chuma chetu. Hata hivyo nisingejizuia kushangilia hata kama ningejua. Reli ile ilileta kazi, ilileta shule, na Tunduma, kituo kidogo cha mpakani, ukawa mji.

Leo mji huu unaishi kwa foleni. Mnamo Oktoba 2019 marais wa nchi mbili walifungua kituo cha pamoja cha forodha baina ya Tunduma na Nakonde ili magari yakaguliwe mara moja. Kazi zilizopo hapa babu zetu hawakuwa na majina yake: wakala wa forodha, mbadilisha fedha, utingo, mpiga debe. Mnamo Septemba 2024 hati ya makubaliano ya kuifufua reli ilitiwa saini Beijing mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia, na vijana wanangoja mabadiliko mengine.

Wahunzi nao hawakufa wote. Ukienda pembeni mwa soko utamkuta mtu amekaa mbele ya moto mdogo, anavukuta, anafua panga kutokana na springi ya lori. Mjukuu wangu naye, japo anatumia umeme, ni wa ukoo huo huo. Juu ya mageti yake huchora jua linalochomoza, au ndege wawili wanaotazamana, na hakuna mteja aliyemwagiza. Nilipomwuliza kwa nini anapoteza vyuma kwa mapambo, alinijibu, "Babu, geti bila ua ni bati tu." Nilinyamaza. Nilimkumbuka yule bibi arusi wa udongo.

Jambo moja linanisumbua kuliko yote. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, unasifika kwa mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, ambalo ulimwengu wa nje ulilijua mwaka 1930, lina ulinzi, lina kiingilio na lina wageni wanaopiga nacho picha. Kimondo kingine kidogo kiliangukia Ivuna tarehe 16 Desemba 1938, kama gramu 700 tu, nacho ni cha aina adimu kabisa, hata vipande vyake hutunzwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Vizuri. Sina kinyongo na mawe ya mbinguni. Lakini chuma kilichotoka mbinguni hakikugharimu akili ya mtu yeyote. Chuma kilichotoka katika udongo wa Unyiha kiligharimu akili, jasho, wimbo na subira ya vizazi, na mabaki yake hayana hata kibao.

Narudi kwenye kile kiroba. Mawe yale aliyaokota katika shamba letu la ekari tatu kati ya Vwawa na Tunduma, ambalo lina kilima cha mavi ya chuma katika pembe moja. Mwaka huu alikuja mtu kutaka kulinunua shamba hilo awe na yadi ya malori. Bei yake ilikuwa nzuri. Wanangu walitaka tuuze, na mjukuu wangu alihitaji mtaji wa mashine na banda lake mwenyewe. Mnunuzi alikitazama kile kilima akafurahi, akasema mawe kama hayo ni mazuri sana kwa kushindilia ardhi ili magari yasizame wakati wa masika.

Tuliuza. Nasema hivyo bila kujificha, kwa sababu nisingeweza kumwambia kijana aendelee kuchomelea chini ya mwembe wa watu ili mimi nibaki na kumbukumbu zangu. Lakini niliomba pembe ile ibaki yetu, hatua ishirini kwa ishirini, na katika karatasi ya mauziano imeandikwa hivyo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kama itaheshimiwa nitakapokuwa nimekwisha kwenda, sijui.

Kabla tingatinga halijafika nilimwomba mwalimu wa shule ya jirani anipe darasa lake la tano kwa asubuhi moja. Walikuja watoto 60 na zaidi, wakazunguka kilima. Niliokota jiwe moja jeusi, nikaliinua, nikawauliza swali langu la mwaka 1974. Mikono ikainuka. Wengine wakasema China, wengine wakasema kwa wauza vyuma chakavu. Nilingoja. Hakuna aliyesema kwamba babu yake alikuwa akikipika, maana mababu hao wamekwisha.

Basi nikasema mimi, nikimkopa yule binti maneno yake. Watoto wakacheka kwa neno hilo hilo. Safari hii niliwaacha wacheke hata wakamaliza, kisha nikawaambia wakae chini, nikaanza kuwaeleza.